Mgonjwa mpya mara tatu: kisukari cha mjini huhesabiwaje?

Mama mkubwa wangu amekuwa mgonjwa mpya wa kisukari mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kweli: alikwenda kuoshwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona, akatobolewa kidole, akaambiwa ana sukari. Mara ya pili alihamia Kisauni, hapa Mombasa, kukaa na bintiye, akaanza kliniki nyingine bila kadi ya zamani, na karani akamfungulia kadi na kumwandika "mpya" katika daftari. Mara ya tatu alikuwa amekaa karibu mwaka mzima akitumia dawa ya majani aliyoletewa kutoka Kwale. Aliporudi kliniki, kadi ilikuwa imepotea. Akaandikwa mpya tena. Mwanamke mmoja, ugonjwa mmoja, na katika vitabu vya serikali ni wagonjwa wapya watatu.

Simlaumu karani. Foleni huwa imefika mlangoni tangu saa mbili asubuhi, na kazi yake ni kuhakikisha mgonjwa anaonwa, si kumtafuta katika madaftari ya wenzake. Lakini kisa hicho kimenikaa kichwani, kwa sababu jioni barazani Mji wa Kale, kahawa ikizunguka, hakukosekani mtu wa kusema: "Siku hizi sukari imezidi. Kila nyumba ina mgonjwa." Wote huitikia, nami huitikia, maana ndivyo ninavyoona. Ila ndani ya maneno hayo mna kauli mbili. "Kila nyumba ina mgonjwa" inahusu waliopo. "Imezidi" inahusu kasi ya watu kuingia. Unaweza kuithibitisha ya kwanza bila kujua lolote kuhusu ya pili, na takwimu nyingi za kisukari zinazosomwa redioni na kuandikwa magazetini hutuchanganya papo hapo.

Fikiria banda la abiria pale Likoni, saa kumi na mbili jioni. Ukilikuta watu wamebanana, kulitazama tu hakutakwambia sababu. Huenda wanaovuka leo ni wengi kuliko jana. Huenda pia ni walewale wa kila siku, ila feri moja iko matengenezoni na watu hawatoki. Msongamano hutokana na mambo mawili: kasi ya kuingia, na muda ambao mtu hukaa ndani kabla ya kutoka. Kisukari nacho ni hivyo hivyo. Idadi ya waliopo ni kasi ya wapya ikichanganyika na miaka ambayo kila mgonjwa anaishi na ugonjwa wake. Na kwa kuwa kisukari cha ukubwani kikishaingia ni nadra kuondoka, mlango mkubwa wa kutokea ni kifo.

Hapo pana uchungu wake. Mji ukiwatibu watu wake vizuri, wakaishi na kisukari miaka 30 badala ya 10, hesabu ya waliopo itapanda hata kama wapya wa kila mwaka hawakuongezeka hata mmoja. Mji ukiwaacha wafe mapema, hesabu itashuka, na asiyejua atadhani mambo yametengenea. Wakenya tumeyapitia haya kwa UKIMWI. Dawa za kupunguza makali zilipoenea, watu waliokuwa wakizikwa wakaishi, wakarudi kazini, wakasomesha watoto. Tukajifunza kuuliza swali la maambukizi mapya peke yake, na la wanaoishi na virusi peke yake. Kwa kisukari bado hatujazoea kuuliza hivyo, na sioni kwa nini tusizoee.

Marekani inatupa mfano ulio wazi. Mwaka 2008, katika kila watu wazima 1,000 wa nchi ile, 8.4 waligunduliwa kuwa na kisukari ndani ya mwaka huo. Kufikia 2019 walikuwa 5.9. Wapya walipungua. Waliopo hawakupungua: mwaka huohuo wa 2019 Marekani ilikadiriwa kuwa na zaidi ya watu milioni 37 wenye kisukari. Mlango wa kuingilia ulipitisha watu wachache zaidi, na banda likazidi kujaa.

Basi mgonjwa mpya huhesabiwaje? Nitachukua mtaa wa kubuni, nisije nikausingizia mtaa wa kweli. Una watu wazima 1,000. Siku ya kwanza unawapima wote, hata wanaoapa kwamba hawaumwi chochote, na unawakuta 80 tayari wana kisukari. Hao 80 wanahitaji matibabu, lakini katika hesabu hii unawaweka kando, kwa sababu aliyekwisha kuugua hawezi tena kuugua upya. Wanabaki 920. Hao ndio wanaoweza kuingia, na ni wao peke yao utakaowagawanyia.

Unakaa nao miaka 5, unawapima tena, na unakuta 43 wameingia. Ungependa kusema "43 kati ya 920" ukamaliza. Lakini watu wa mjini hawatulii. Kuna aliyehamia Malindi mwaka wa pili, kuna aliyepata kazi Doha, kuna aliyefariki kwa ajali. Hao huwezi kuwahesabu kana kwamba uliwaona kwa miaka yote 5. Kwa hiyo watafiti huhesabu muda badala ya vichwa. Aliyekaa miaka 5 bila kuugua anachangia miaka 5. Wa Malindi anachangia 2. Aliyeugua anachangia hadi alipougua, na kwa kuwa siku yenyewe haijulikani, mara nyingi huchukuliwa katikati ya vipimo viwili. Ukijumlisha, hupati 4,600 kamili. Tuseme unapata 4,300. Jumla hiyo ndiyo miaka-mtu. Gawanya 43 kwa 4,300, unapata wagonjwa wapya 10 kwa kila miaka-mtu 1,000. Yaani: chukua watu 1,000 wasio na kisukari, kaa nao mwaka mmoja, na 10 kati yao wataingia.

Sasa itazame njia ya mkato, ambayo ndiyo inayotumiwa zaidi. Mwaka wa kwanza unakuta wagonjwa 80. Unarudi baada ya miaka 5, unakuta 110. Unatoa, unatangaza: wapya ni 30. Umewapoteza 13. Wale 80 ukiwajumlisha na 43 ni 123, na 13 hawakuwapo siku uliyorudi kwa sababu wamehama au wamekufa. Waliokufa hawafungui mlango mtafiti anapobisha. Hesabu ya kisukari isiyowauliza waliokufa hutoa picha nzuri kuliko hali ilivyo, na mimi huiona hiyo kuwa dhuluma kwa marehemu.

Kuna miji iliyofanya kazi hii ipasavyo. Tehran, mji mkuu wa Irani, ilianza mwaka 1999 kuwaandikisha watu zaidi ya 15,000 wa wilaya moja ya mji, na imekuwa ikirudi kuwapima kila baada ya miaka 3 hivi. Walichokiona kwa watu wazima ni takriban wapya 10 kwa miaka-mtu 1,000, yaani mtu mmoja katika kila 100 kila mwaka. Chennai, kusini mwa India, watafiti waliwafuata wakazi wa mji kwa takriban miaka 9 na kukuta wapya 22.2 kwa miaka-mtu 1,000. Chennai ni mji wa bandari, wa joto, wa wali na viungo na chai ya maziwa. Siwezi kusoma tarakimu hiyo bila kufikiria kwetu.

Mtu mmoja katika 100 anasikika mdogo. Lakini katika kila watu wazima 100,000 wasio na kisukari, kiwango cha Tehran ni watu 1,000 kwa mwaka, karibu watatu kila siku iendayo kwa Mungu. Kiwango cha Chennai ni sita kila siku. Sensa ya 2019 iliihesabu Mombasa kuwa na watu 1,208,333, watoto wakiwemo. Watu wazima wake ni laki kadhaa, si laki moja. Sisemi Mombasa ina kiwango cha Tehran wala cha Chennai. Ninataka msomaji aone ukubwa wa kitu tunachokizungumzia bila kukipima.

Hapa pana mtego mmoja ambao hata wasomi hunaswa nao. Tarakimu ya Marekani, ile 5.9, ni ya watu walioambiwa na daktari kwamba wana kisukari. Za Tehran na Chennai ni za watu waliopimwa damu, wakiwemo wasiojijua. Ukiziweka pamoja ukasema "Chennai ni karibu mara nne ya Marekani," umelinganisha wagonjwa waliogunduliwa na wagonjwa waliotafutwa. Tofauti ipo, na pengine ni kubwa, ila kipimo hicho hakiwezi kukwambia ni kubwa kiasi gani.

Tukirudi nyumbani, Kenya ina takwimu nzuri za waliopo, na karibu haina za wapya. Mwaka 2015 ulifanyika uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wa miaka 18 hadi 69. Waliokutwa na kisukari, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri (nitaeleza mbele), walikuwa asilimia 2.4, na waliokuwa mpakani, sukari imepanda lakini haijafika daraja la ugonjwa, walikuwa asilimia 3.1. Kilichonishtua zaidi katika uchunguzi ule ni kwamba takriban asilimia 88 ya watu hawakuwahi kupimwa sukari maishani mwao. Hata kati ya waliokutwa na kisukari, chini ya nusu ndio waliokuwa wakijua.

Asilimia 2.4 ni ya nchi nzima, vijiji na miji. Ukiitenga miji, tarakimu huruka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima Wajaluo, Wakamba na Wamasai wa vijijini pamoja na wakazi wa Nairobi, ulikuta asilimia 12.2 mjini na 2.2 vijijini. Mwingine wa mwaka 2013, uliofanywa Kibera, ulikuta asilimia 5.3. Nairobi ileile, 12.2 na 5.3! Mtu angeweza kudhani mmoja umekosea. Lakini Kibera si Nairobi yote, na njia za kupima hutofautiana: kuna wanaochukua damu ya asubuhi kabla ya kula tu, na kuna wanaokunywesha mtu maji ya glukosi kisha wakampima baada ya saa mbili. Kipimo hiki cha pili huwanasa watu ambao cha kwanza huwapitisha. Kwa majirani zetu Tanzania, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kisukari kwa wanaume asilimia 5.9 Dar es Salaam na 1.7 katika kijiji cha Kilimanjaro, na kwa wanawake 5.7 na 1.1. Popote palipopimwa, mji umekishinda kijiji.

Hizo zote ni picha za banda, hakuna hata moja iliyokaa mlangoni kuhesabu wanaoingia. Ili ujue wapya, lazima urudi kwa watu walewale. Kurudi ni gharama: unahitaji orodha ya watu, anwani zao, simu zinazopatikana, na mpimaji anayefika alfajiri kabla ya mahamri na mbaazi, kwa sababu mtu akishakula kipimo cha asubuhi kimeharibika. Unahitaji pia fedha za miaka 10, katika dunia ambapo miradi mingi hupewa miaka 3.

Kwa kukosa hilo, tunategemea madaftari ya hospitali, na hapo turudi kwa mama mkubwa. Neno "mpya" katika daftari lina angalau maana tatu, na ni moja tu tunayoitaka. Kuna mpya wa ugonjwa, aliyeingia mwaka huu. Kuna mpya wa kugunduliwa, ambaye ugonjwa ulimwingia zamani. Na kuna mpya wa kliniki, ambaye ni mgonjwa wa siku nyingi aliyebadilisha mlango. Mama mkubwa mara ya pili na ya tatu alikuwa mpya wa kliniki. Na hata ile mara ya kwanza, niliyosema ilikuwa kweli, alikuwa mpya wa kugunduliwa. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kisukari cha ukubwani huanza miaka 4 hadi 7 kabla ya mgonjwa kuambiwa. Kidonda kisichopona si dalili ya mwezi uliopita. Sukari ilikuwa imeshamkaa miaka, ikila mishipa ya miguu polepole, wakati sisi tukisema "ni uzee" anapoamka mara nne usiku kwenda chooni.

Ndiyo maana kampeni za upimaji huleta takwimu za kutisha ambazo si za kutisha hivyo. Tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, hema hupigwa, watu hupimwa bure, na wiki hiyo "wagonjwa wapya" hupanda ghafla. Ugonjwa haukuzuka Novemba. Watu walikuwapo, taa ndiyo imewashwa. Kaunti inayopima watu wake kwa bidii itaonekana ina kisukari kingi kuliko kaunti iliyolala, na ingekuwa makosa makubwa kuiadhibu kwa hilo kwenye bajeti au kwenye magazeti. Mimi ningependa hema zizidi. Ninachoomba ni kwamba waliokutwa kwenye hema waandikwe kama waliogunduliwa, na mwaka unaofuata wafuatwe wale waliokutwa wazima, kwa sababu hao ndio wanaoweza kutuonyesha wapya.

Hata mstari wa ugonjwa wenyewe umewahi kusogezwa. Hadi miaka ya 1990, mtu aliyepimwa asubuhi kabla ya kula alihesabiwa mgonjwa akifikisha milimoli 7.8 za glukosi kwa lita ya damu. Mwaka 1997 Chama cha Kisukari cha Marekani kikaushusha mstari hadi 7.0, na mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani likafuata. Sababu ilikuwa nzuri, kwani madhara ya macho yalionekana kuanza chini ya mstari wa zamani. Lakini mtu aliyelala na sukari ya 7.3 akiwa mzima aliamka mgonjwa bila chochote kubadilika mwilini mwake. Takwimu yoyote inayolinganisha miaka ya 1980 na leo bila kulitaja hilo, isome kwa tahadhari.

Kuna na kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, na mtu huambiwa ana kisukari kipimo kikifika asilimia 6.5. Kinapendwa kwa sababu hakidai mtu awe na njaa. Kwa Pwani kina kasoro yake. Hupima sukari iliyong'ang'ania kwenye chembe nyekundu za damu, na watu wengi wa ukanda huu wamebeba urithi wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, bila kuugua. Kwao kipimo hicho kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi, ilhali upungufu wa madini ya chuma unaweza kukisomesha juu. Mji unaotaka kuhesabu wapya wake hauna budi kuamua kipimo kimoja na kubaki nacho mwanzo hadi mwisho, na Mombasa ingefaa kufikiri mara mbili kabla ya kuamua ni hicho.

Tatizo jingine ni la kwetu hasa: nani ni mtu wa Mombasa? Hospitali kuu ya rufaa, ambayo wazee bado wanaiita Makadara, hupokea wagonjwa wa Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Lamu na Tana River. Ukichukua wagonjwa wake wote ukawagawanya kwa wakazi wa Mombasa, umechukua wagonjwa wa Pwani nzima ukawabebesha kisiwa kimoja na viunga vyake. Kwa upande wa pili, wapo wanaotoka. Mfanyakazi wa bandari akistaafu hurudi bara au hujenga Kilifi. Kibarua aliyeishi Changamwe miaka 25, akala mjini, akakaa kitako mjini, huenda kuugua kijijini, na kijiji ndicho kinachoandikiwa ugonjwa uliotengenezwa mjini. Hesabu ya mji huvimba upande mmoja na kuvuja upande mwingine, na hakuna ajuaye kama vinalingana.

Umri nao. Mombasa hujazwa kila mwaka na vijana wanaokuja kutafuta kazi, na kisukari cha ukubwani huongezeka sana baada ya miaka 40. Mji wenye vijana wengi utaonyesha kiwango kidogo cha jumla hata kama wenye miaka 50 wake wanaingia kwa kasi ya kutisha. Ndiyo maana takwimu nzuri hurekebishwa kwa umri: kila rika huhesabiwa peke yake, kisha marika hupangwa kwa uwiano mmoja ili mji wa vijana ulinganishwe na mji wa wazee kwa haki. Mombasa yenyewe inahitaji hivyo ndani kwa ndani. Mji wa Kale, wenye familia zilizokaa vizazi na vizazi na wazee wengi nyumbani, si sawa na vyumba vya kupanga vya Bangladesh kule Jomvu, na wastani wa mji mzima utavificha vyote viwili.

Lakini kwa nini mji? Watu husema "sukari nyingi," na maji ya miwa, soda na chai ya vijiko vinne vina lao. Vinywaji vitamu vimeonekana tena na tena kuongeza hatari. Ila si kwamba sukari unayokula hukusanyika ikawa kisukari. Kinachotokea ni kwamba mafuta yakijaa tumboni na ndani ya ini, mwili huacha kuitii vizuri insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari kwenye damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi ili kupata kazi ileile. Kwa miaka hufaulu, na kipimo chako kinatoka safi. Kisha huchoka, na ini, ambalo usiku hutoa glukosi ili mwili usiishiwe, hutoa kupita kiasi. Asubuhi unaamka na sukari juu na hujagusa kitu. Ndiyo sababu mgonjwa huapa kwamba jana usiku hakula chochote kitamu, naye anasema kweli.

Mji huchochea haya kwa njia zinazoshikana. Babu alitembea kutoka Majengo hadi Kilindini. Mjukuu anachukua tuk-tuk kutoka Makupa hadi Mwembe Tayari. Dereva wa matatu hukaa saa 12 kwenye kiti na chakula chake ni kile kinachofika dirishani: viazi karai, bajia, soda baridi. Chakula cha haraka na cha bei nafuu mjini ni cha kukaanga, na samaki ambaye zamani alikuwa chakula cha maskini sasa ana bei. Siwezi kumwambia mama anayeuza mahamri alfajiri kwamba anaua watu; yeye analisha watoto wake, na mteja wake ana shilingi 20 na njaa. Kuna pia urithi wa ukoo, na kuna wanawake waliopata kisukari cha mimba, kikaondoka baada ya kujifungua wakasahau: hatari yao ya kupata kisukari cha kudumu baadaye ni mara 7 au zaidi ya wenzao. Kama kuna kundi ambalo lingefaa kuitwa kwa jina na kupimwa kila mwaka, ni hilo, na orodha yao tayari iko kliniki za wajawazito.

Huenda msomaji anauliza, kuna haja gani ya kujua wapya wakati waliopo hawana dawa? Ni swali la haki. Waliopo wanahitaji metformini (vidonge vya kushusha sukari), insulini, daktari wa macho, mtu wa kuwaangalia nyayo. Kwa mambo hayo, hesabu ya waliopo inatosha. Lakini ukitaka kujua kama bustani ya kutembea pale Mama Ngina, au kodi ya soda, au mafunzo ya lishe shuleni yamesaidia kitu, hesabu ya waliopo haitakujibu kwa miaka 20, maana banda limejaa wale wa zamani. Wapya hujibu mapema. Marekani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa mpakani walisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na kwa muda wa takriban miaka 3 wapya kati yao walikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa waliopewa metformini, wapya walikuwa pungufu kwa asilimia 31. Matokeo hayo yalijulikana haraka hivyo kwa sababu mtu alikuwa mlangoni akihesabu wanaoingia.

Mombasa haianzii jangwani. Kilifi, saa moja na kitu kwa matatu, KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na washirika wake wamekuwa wakiandika kuzaliwa, kufa na kuhama kwa zaidi ya watu 250,000 tangu mwaka 2000. Korogocho na Viwandani, Nairobi, ilifanyika kazi kama hiyo iliyoanza miaka ileile. Orodha ya namna hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kuongeza kipimo cha sukari juu yake ni sehemu rahisi. Mji wenye chuo kikuu, hospitali ya rufaa na wahudumu wa afya wa jamii wanaozijua nyumba moja moja ungeweza kuanza na kata mbili tu, moja ya kisiwani na moja ya bara, watu elfu chache, na kurudi kila baada ya miaka 3.

Na kabla ya hilo kuna kitu kisicho na gharama hata ya senti: safu mbili katika daftari la kliniki. Uliambiwa lini mara ya kwanza kwamba una sukari, na wakati huo ulikuwa ukiishi wapi? Mama mkubwa angeyajibu yote mawili bila kusita. Ilikuwa wiki ya pili ya Mfunguo Mosi, kaimati za Idi bado ziko kwenye bakuli, naye alikuwa akikaa Bondeni, nyumba ya ghorofa yenye mlango wa kijani. Katika kliniki zote tatu hakuna aliyemuuliza.